Uzi maalumu: Raha ndogo za mtaani Dodoma, kila moja na vipimo vyake

#1 KibarazaMakole

Mbukwenyi wakuu.

Nyuzi za Dodoma zimejaa, na karibu zote ni viwanja, kodi za nyumba na malalamiko ya vumbi. Huu ni wa vile vitu vya kila siku vinavyomfanya mtu apende mtaa wake: kahawa ya jioni, kivuli, zabibu, mlenda, maji ya kuoga yenye uvuguvugu. Sharti ni moja. Usiandike "raha sana aisee" ukakimbia. Andika inavyofanywa, kiasi gani, saa ngapi, na inaharibikia wapi. Historia ya maisha yako ianzishie uzi wake.

Naanza na kukaa barazani, maana wanaojenga Ilazo, Kisasa na Nkuhungu wanakosea hapohapo.

Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Julai hadi Oktoba unakuwa hauna adabu. Jua la jioni liko magharibi. Maana yake kivuli cha jioni kinaangukia mashariki mwa nyumba, na upepo unakuja upande huohuo. Ukiweka benchi mashariki bila kinga unapata kivuli, lakini chai inapoa kabla hujaimaliza na vumbi linatua kwenye sahani. Ukihamia magharibi umeukimbia upepo, ila jua linakukodolea macho mpaka linazama.

Kaa mashariki, weka kinga inayopitisha upepo kidogo. Watu wanajenga ukuta mzima wa tofali, kisha wanashangaa vumbi linazidi. Ukuta mzima unaurusha upepo juu, halafu unaanguka nyuma yake kwa kujizungusha, na vumbi lote linamwagikia pale ulipokaa. Ua wa mimea, au tofali za matundu, unaupunguza kasi bila kuurusha. Urefu wa mita moja na nusu unatosha kumkinga mtu aliyekaa, na kinga inafika umbali wa mara tano ya urefu huo au zaidi. Benchi liwe mita tatu hadi tano kutoka kwenye ua, huku mgongo ukielekea ukutani.

Saa 9 alasiri ukuta wa mita tatu unatoa kivuli cha mita mbili hivi, kwa hiyo benchi na stuli ya chai vinaenea. Na wageni kutoka Dar wajue kwamba jua la huku linachelewa kuzama kuliko la kwao kwa kama robo saa, kwa kuwa tuko magharibi zaidi. Juni linazama kwenye saa 12 na nusu, Februari linakaribia saa 1 kamili. Kikao cha barazani cha Februari ni kirefu, na hakihitaji shuka. Cha Juni na Julai kinahitaji shuka, tusidanganyane.

#2 BintiNkuhungu

Nakazia hapo kwenye ua wa mimea. Wengi wanapanda mnyaa kwa sababu unashika hata bila kumwagilia: unachomeka kijiti, umemaliza. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Ukipunguza ua, vaa miwani na mikono mirefu, kata ukiwa umeupa upepo mgongo, na usijifute uso mpaka unawe kwa sabuni. Ukiingia jichoni, mwagia maji safi mfululizo kwa robo saa kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Wenye watoto wadogo watafute mmea mwingine.

#3 Mzee wa Birika

Wanangu, mmeanza vizuri. Sasa kahawa.

Kahawa ya kijiweni inajulikana kwa mambo matatu: imekaangwa sana, imetwangwa na tangawizi kavu, na haichemki tena ikishaingia kwenye birika. Anayekosa moja kati ya hayo anauza maji meusi.

Kukaanga: buni nusu kilo, kikaango kipana, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20, mwiko hautulii. Itapasuka mara ya kwanza kama bisi, itanyamaza, kisha itaanza kupasuka tena kwa sauti ndogo ya haraka. Mlio huo wa pili ukishaanza, subiri dakika moja tu, umwage kwenye ungo na upepete. Ukiiacha kikaangoni hata kama umezima moto, chuma kinaendelea kuipika na itaungua. Nusu kilo ya buni itakupa gramu 400 hivi za kahawa. Kilichopungua ni maji na maganda.

Kutwanga: tia vipande vitatu vya tangawizi kavu vya ukubwa wa kidole gumba. Tangawizi mbichi usitie kwenye kinu, inaloanisha unga na kahawa inaota ukungu kabla ya wiki kwisha.

Kupika: maji lita 3 yachemke kwanza. Epua, ndipo utie kahawa gramu 150, yaani vikombe viwili vya chai visivyojaa. Ukitia maji yakiwa bado jikoni, povu litapanda na kuzima mkaa. Koroga, rudisha kwenye moto mdogo dakika 10. Epua, nyunyizia kijiko kimoja cha maji baridi juu, acha dakika tano machicha yatulie chini. Mimina taratibu kwenye birika na uache machicha kwenye sufuria.

Chini ya birika weka vipande vitatu au vinne vya mkaa, uvifunike kwa majivu. Kazi yake ni kuitunza iwe ya moto, isichemke. Ukiona mvuke unatoka kwa nguvu mdomoni mwa birika, ongeza majivu. Baada ya saa mbili kahawa inaanza kuwa chungu ule uchungu mbaya wa kukwangua koo, kwa hiyo pika kidogo mara mbili badala ya nyingi mara moja.

Lita 3 ukitoa inayonyonywa na machicha ni vikombe 40 hadi 45 vile vidogo.

Na vikombe! Ndoo moja ya kusuuzia vikombe vya watu thelathini si ustaarabu. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya maji safi yanayobadilishwa kila baada ya vikombe 15 hivi, na mwisho kila kikombe kimwagiwe maji ya moto kabla ya kupokea kahawa. Mteja anayejua anatazama ndoo kwanza, birika baadaye.

#4 MgeniWaIlazo

Shikamoo mzee. Swali: kahawa hiyohiyo, vipimo hivyohivyo, ikipikwa kwa maji ya bomba inakuwa imepooza, haina ule ukali. Kosa liko wapi?

#5 Mzee wa Birika

Marahaba. Kosa ni maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya mjini inatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni ya ardhini, yamebeba chokaa na chumvichumvi, na maji ya namna hiyo yanaua ule uchachu mwembamba wa kahawa. Ndiyo maana ndani ya birika lako kuna utando mweupe.

Fanya hivi: chemsha maji jioni, yaache yapoe usiku kucha bila kutikiswa. Sehemu ya chokaa itaganda chini. Asubuhi chota ya juu tu, bakiza ya chini vidole viwili. Wakati wa mvua, kinga maji ya bati, lakini yale ya baada ya mvua mbili tatu kubwa, bati likishaoga.

Utando wa birika: siki kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, chemsha dakika 10, acha yapoe, sugua, suuza mara tatu. Hakuna siki, tumia ndimu sita. Usikwangue kwa kisu. Kwenye mikwaruzo ndiko utando mpya unakoshikia.

#6 Vizibo12

Kahawa bila kashata ni adhabu. Karanga zilizokaangwa na kumenywa nusu kilo, sukari robo kilo, maji vijiko vinne vya chakula. Sukari na maji viyeyuke kwa moto mdogo, na ukishaona yanachemka usikoroge tena, zungusha sufuria tu. Ukikoroga, sukari inarudi kuwa chenga na hapo hakuna dawa, unaanza upya. Ikifika rangi ya asali, tia karanga, geuza haraka, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, sambaza unene wa sentimita moja, kata ndani ya dakika mbili. Ukisubiri ipoe, kisu kinaipasua kama kioo.

Karanga zilizokunjamana, zenye weusi au harufu ya ukungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga. Mlipuko wa sumukuvu wa 2016 kwenye mikoa ya Dodoma na Manyara ulitokana na mahindi, lakini ukungu wenyewe unapenda karanga vilevile.

Halafu drafti, maana kijiwe bila drafti ni foleni tu ya kahawa. Ubao wa plaiwudi sentimita 40 kwa 40, kila nyumba sentimita 5, jumla nyumba 64. Kete 12 kila upande, vizibo vya soda: mmoja anavilaza mdomo juu, mwingine mdomo chini, basi hakuna ubishi wa rangi. Kingi ni vizibo viwili vilivyopandana. Chora mistari kwa rangi ya mafuta badala ya kalamu ya wino, mkono wenye jasho unafuta wino kwa wiki moja.

#7 Mpogoaji

Zabibu hazijaguswa mpaka sasa? Kwenye uzi wa Dodoma?

Misimu ni miwili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Za Agosti ndizo tamu. Za Februari zinaiva wakati wa mvua, mzabibu unanyonya maji, punje zinajaa, sukari inazimuliwa, na nyingine zinapasuka ganda na kuoza katikati ya kichala. Anayekuambia zote ni sawa anakuuzia za Februari.

Kununua barabarani au sokoni Majengo, tazama mambo haya kwa mpangilio:

Kikonyo kwanza. Kikiwa kijani na kinapinda, zabibu imekatwa jana au leo. Kikiwa cha kahawia na kinakatika kama kijiti, ina siku tatu nne, hata kama punje zinang'aa. Mwuzaji anaweza kung'arisha punje kwa kitambaa, lakini kikonyo hakidanganyi.

Pili, onja punje ya ncha ya chini kabisa ya kichala. Kichala kinaiva kuanzia mabegani kwenda chini, punje ya ncha ndiyo ya mwisho kupata sukari. Hiyo ikiwa tamu, chukua chote. Wauzaji wengi wanakupa ya juu uonje. Kataa kwa upole, chuma mwenyewe ya chini.

Tatu, inua kichala ukitikise kidogo. Punje zikidondoka zaidi ya mbili tatu, kiache.

Na usinunue mbichi ukasema utaiacha iive ndani. Zabibu si embe. Ikishakatwa haiongezi utamu, inanyauka tu.

Nyingi zinazouzwa mtaani ni zile nyekundu iliyokoza za mvinyo, Makutupora Red, punje ndogo, ganda gumu, mbegu ndani. Watu wanazidharau kwa sababu ya mbegu. Kwa maoni yangu ndizo zenye ladha. Zile kubwa zisizo na mbegu ni maji na sukari.

#8 MgeniWaIlazo

Mkuu, na ule unga mweupe juu ya punje? Inasemekana ni dawa ya shambani, tuusugue mpaka uishe.

#9 Mpogoaji

Hapana. Tofautisha vitu viwili. Utando mwembamba uliosambaa sawasawa, ukipitisha kidole unaacha alama nyeusi inayong'aa, huo ni nta ya zabibu yenyewe. Ni dalili kwamba haijashikwashikwa, na inazuia punje isikauke. Dawa inaonekana kama matone yaliyokaukia: vidoa vyenye mpaka, vya kijivu au vya bluubluu, vingi upande mmoja wa kichala, vingine vimekusanyika pale punje zinapogusana.

Zote zioshwe, lakini wakati wa kula tu. Beseni la lita 5, chumvi vijiko vitano vya chakula, dakika 10 hadi 15, suuza mara mbili. Inatoa vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya ganda. Ukiosha ndipo uhifadhi, umeondoa nta na umeweka unyevu kwenye vikonyo, zitaoza kesho kutwa.

Kuhifadhi bila friji: siku mbili tatu, sehemu yenye hewa, kichala kisilale juu ya kichala. Kwenye friji zifunge gazetini, zinafika wiki mbili. Wanaopeleka Dar, tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 safari imekuwa fupi na zabibu zinafika zikiwa nzima, tofauti na kwenye buti la basi. Tumia boksi lenye matundu, tandika gazeti, tabaka mbili za vichala basi, vikonyo vielekee juu. Usizifunge kwenye plastiki. Zinatoka jasho na ukifungua kuna harufu ya siki.

#10 BintiNkuhungu

Za Agosti zikizidi, zikaushe. Hewa kavu ya Agosti hadi Oktoba ni bure, na wachache wanaitumia. Kilo nne za mbichi zinatoa kilo moja kavu.

Chambua punje, tupa zilizopasuka. Zitie kwenye chujio, zizamishe kwenye maji yanayochemka, hesabu mpaka tano, toa, tia kwenye maji baridi. Ganda linapata nyufa ndogo sana na maji yanatoka haraka. Bila kufanya hivyo zinachukua wiki tatu. Ukifanya, siku 8 hadi 12. Tandaza tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa mita moja kutoka ardhini, upepo upite chini. Funika kwa kitambaa cha chandarua dhidi ya nzi na vumbi. Saa 12 jioni ingiza ndani. Zimekauka pale unapominya kumi kwa pamoja ukaachia, kila moja ikajitenga na hakuna utomvu mkononi. Zikishikana, bado siku mbili.

Msimu wa Februari usijaribu. Unyevu, nzi, na mvua ya ghafla ya saa 10. Ni kupoteza zabibu.

#11 Fundi Bomba

Wakuu, niongeze raha isiyotajwa: kuoga maji ya uvuguvugu jioni bila kuwasha jiko.

Mpira mweusi wa robo tatu inchi, mita 50, uviringishe kama konokono juu ya bati upande unaopata jua la mchana, ufunge kwa waya kila nusu mita maana upepo wa Septemba unaubeba. Upande mmoja unaungwa na simtanki, mwingine unashuka bafuni kwenye koki yake. Ndani ya mpira wa urefu huo kuna lita 14 hivi, ndoo isiyojaa. Kwenye saa 10 jioni maji yameshapata moto. Ya kwanza kutoka yanaweza kuunguza, fungulia kwenye ndoo, changanya na ya baridi, ndipo uoge. Mtoto asifungulie moja kwa moja mwilini. Ukisubiri saa 2 usiku, upepo umeshayapoza. Wanaopenda kuoga usiku wafungulie koki saa 11, wayatie kwenye ndoo yenye mfuniko na kuifunika kwa blanketi.

Kosa la kawaida ni simtanki kuwa chini. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ndogo sana, sehemu moja ya kumi ya baa. Stendi ya mita 3 ndiyo inaanza kukupa bomba la mvua linaloitwa bomba la mvua. Na toleo la kutokea kwenye tanki liwe la inchi moja. Ukipunguza iwe nusu inchi mapema, hata stendi ya mita 5 haitakusaidia.

Ukubwa: hesabu lita 60 kwa mtu kwa siku. Watu watano ni lita 300, kwa hiyo simtanki la 1,000 linavuka siku tatu za mgao na zinabaki lita 100 tu. Kama mgao wa mtaa wako ni mrefu kuliko hapo, nunua la 2,000 mara moja. Stendi ya pili inagharimu kuliko tofauti ya bei ya tanki. Safisha kila miezi sita, chokaa na matope vinakaa chini sawa na kwenye birika la mzee hapo juu.

#12 Mama Genge

Kina kaka mmeandika kahawa na mabomba, mlenda nani apike?

Mlenda wa unga, ule uliokaushwa na kutwangwa. Adui yake ni mchanga, kwa sababu wengine wanauanika chini. Kabla ya kununua omba kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, hesabu mpaka thelathini. Tazama chini ya glasi. Mchanga unatua kwanza, unauona kama mstari. Ukiuona, rudisha. Mchanga wa mlenda haupepeteki wala hauchujiki ukishapikwa.

Kwa watu wanne: maji vikombe viwili, nyanya mbili zilizoiva sana zimekatwakatwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Vichemke mpaka nyanya zivunjike. Tia karanga za kusaga vijiko vitatu vya chakula zilizokorogwa kwa maji kidogo pembeni, usizitie kavu zitafanya mabuja. Zikichemka dakika tano, punguza moto kabisa. Sasa chukua mlenda vijiko viwili vya chakula, nyunyiza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unakoroga. Dakika tano hadi saba, imetosha. Usifunike, unafura na kumwagika. Usiuache uchemke kwa moto mkali, ute unakatika unabaki maji ya kijani. Magadi ni kipande kidogo kama punje ya mahindi. Yakizidi yanaleta ladha ya sabuni.

Ugali wake ni wa uwele au mtama. Wa sembe unakubalika, lakini tujue tumefanya makubaliano.

Kuhusu kununua mtaani, sado, lile kopo la kupimia, ni lita 4. La maharage lililofutwa juu lina kilo tatu na kidogo. Kabla hujapima, tia mkono ndani uguse kitako: kama kimebonyezwa kuja juu umeshapunjwa nusu kilo kabla ya salamu. Mboga za majani nunua saa 11 jioni kama unapika usiku uleule, fungu linakuwa kubwa. Kama ni za kesho nunua asubuhi, zile za jioni zimenyunyiziwa maji mara nne na zitakuwa zimeoza ukiamka.

#13 Vizibo12

Mama umemaliza. Jumamosi sasa: mnada wa Msalato, barabara ya Arusha.

Nyama ya mbuzi, fika kabla ya saa 6 mchana. Chagua kipande kingali kibichi, kipimwe mbele yako, na umwambie mchomaji akifunge alama, kitambaa au uzi wa rangi, maana motoni mbavu zote zinafanana na ubishi wa "hii ni yangu" haumaliziki. Kilo moja yenye mfupa ikiiva inabaki gramu 600 hadi 700. Kwa watu wanne wanaokula kweli, agiza kilo mbili na nusu. Mbavu zinaiva nusu saa hadi dakika 40, mguu saa nzima na zaidi. Ukitaka mguu, agiza mguu kwanza, zunguka mnadani, mbavu agiza ukirudi.

Moto uwe wa makaa yasiyo na mwali. Mafuta yakidondokea mwali, yanawaka na nyama inapata masizi machungu nje huku ndani ina damu. Chumvi itiwe karibu na mwisho. Na kachumbari ikatwe nyama inapoepuliwa. Iliyokatwa tangu asubuhi juani muachie mwenyewe.

#14 KibarazaMakole

Mpogoaji, rudi. Kule mwanzoni tulikuwa tunazungumzia kivuli. Je, chanja ya mzabibu juu ya benchi, inawezekana kwa eneo la mita tatu kwa tatu?

#15 Mpogoaji

Inawezekana, na mche mmoja unatosha. Watu wanapanda minne halafu wanapata majani tu.

Shimo sentimita 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu tenga, wa chini tupa. Changanya wa juu na samadi iliyooza madebe mawili. Samadi mbichi inaita mchwa, na mchwa ndiye mwuaji wa kwanza wa miche huku. Usiache vipande vya mbao kavu shimoni wala kutandaza majani makavu yanayogusa shina.

Pingili, yaani kipande cha tawi cha kupanda, iwe ya unene wa penseli, vifundo vinne, viwili ardhini viwili juu. Ikichipua, chagua chipukizi moja lenye nguvu, mengine yote ondoa. Lifunge kwenye mti ulionyooka kwa kitambaa laini kila sentimita 30, usitumie waya. Vitawi vya pembeni viondoe mpaka shina lifike kwenye chanja, mita mbili na robo, mtu mrefu asiinamie. Likishafika, kata ncha. Hapo ndipo linagawanyika na unaongoza mikono minne kwenda pande nne. Maji lita 20 mara mbili kwa wiki mwaka wa kwanza, jioni, kwenye shina, usiyarushie majani.

Nguzo za chuma au zege. Za miti, choma sehemu ya kufukia mpaka iwe nyeusi na uipake oili chafu, la sivyo mchwa wataziangusha pamoja na mzabibu. Waya wa geji 12, kila sentimita 40.

Kupogoa ni mara mbili kwa mwaka. Kuanzia kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi, kwa hiyo kata Aprili mwishoni upate za Agosti, na Oktoba mwishoni upate za Februari. Kila tawi bakiza vifundo viwili hadi vitatu. Mkono unatetemeka mara ya kwanza, unaona unaua mti. Kata. Usipokata, matunda yanakuwa machache, madogo, na yako mbali mwisho wa matawi ambako ndege wanayafikia kabla yako.

Ugonjwa: majani yakipata unga mweupe ni ubwiri unga, salfa ya unga inapulizwa asubuhi kabla jua halijawa kali, juani inaunguza majani. Vichala vikishaanza kubadilika rangi, acha dawa kabisa. Hapo ni juu ya vichwa vya watu wanaokunywa chai.

Kwa kivuli cha benchi peke yake, mimi ningeacha zao la Februari, nipogoe kidogo tu Oktoba, ili majani yawe mengi wakati wa jua kali la mwisho wa mwaka. Tunda nilitafute Agosti.

#16 Mzee wa Birika

Hapo nakupinga kidogo. Majani mengi wakati wa mvua ni nyumba ya ukungu. Pogoa kawaida, uvumilie wiki nne tano za jua. Mpaka Desemba majani yamerudi.

#17 Mpogoaji

Mzee una hoja kwa mzabibu uliosongamana. Kwa mmoja kwenye mita tisa za mraba, ukiondoa majani ya katikati upepo ukapita, ukungu haupati nafasi. Lakini kwa mvivu, njia yako ndiyo salama.

#18 MgeniWaIlazo

Swali la mwisho kwa leo: pingili ikikaa wiki tano bila kuchipua na ncha imekuwa ya kahawia, ing'olewe?

#19 Mpogoaji

Usiing'oe. Ukiitikisa kuangalia mizizi ndipo unaikata mizizi. Kwaruza ganda kwa ukucha, chini kidogo ya kifundo cha juu. Ukiona kijani kibichi chenye unyevu, iko hai, endelea kumwagilia na uipe wiki tatu. Ukiona kahawia kavu, shuka kifundo kinachofuata, ukwaruze tena. Kama kile cha usawa wa ardhi kina kijani, kata juu yake sentimita mbili, itachipua kutoka hapo. Kama nacho ni kikavu, ng'oa, na angalia shimo kama kuna mchwa kabla hujachomeka nyingine.